Doa la Filta ya Njano

Siku mdogo wangu aliponiambia kwamba jua lina madoa, nilikuwa nakata sukuma wiki, na nilimwambia aache mchezo. Yeye alikuwa amekaa kitandani na kitabu cha fizikia alichoazima kwa mwenzake.

"Madoa kama ya nguo?" nikamuuliza.

"Madoa meusi. Na yanasafiri. Yanaanza upande huu, yanaishia upande ule."

"Nani alienda huko akayaona?"

"Si imeandikwa hapa?"

"Jua ni moto. Moto una doa gani?"

Akafunga kitabu. "Dada, wewe uliishia kidato cha kwanza. Utajuaje?"

Hakusema kwa ubaya, na alichosema kilikuwa kweli. Mama alitangulia, Baba akafuata kabla ya mwaka kwisha, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Kaka yetu mdogo alichukuliwa na shangazi huko Luanda Kotieno. Mimi na huyu wa pili tulibaki Kisumu katika chumba kimoja cha kupanga, yeye akienda shule, mimi nikienda studio ya picha ambako nilikuwa naosha filamu na kukausha picha. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Neno lake lilinikaa kichwani kwa siku kadhaa. Sikulikasirikia. Nilitaka tu kujua kama moto unaweza kuwa na doa.

Wiki iliyofuata alirudi nyumbani, akavua viatu, akaketi.

"Nimesema kitu shuleni," akaanza.

"Umetukana mtu?"

"Nimesema dada yangu anafanya kazi studio, na anaweza kupiga jua picha mpaka madoa yaonekane."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu wa fizikia hakucheka. Alimpa meza yake peke yake katika siku ya sayansi ya shule, mwisho wa muhula, mbele ya wazazi. Tulikuwa na wiki sita.

"Hiyo meza ikikaa tupu," mdogo wangu alisema, "watanicheka mpaka kidato cha nne."

"Basi tutaijaza," nikamwambia. Sikujua tutaijaza na nini.

Mwenye studio alikuwa mzee aliyetoka Nyeri, aliyekaa Kisumu miaka mingi hata akawa anasalimia wateja kwa Dholuo, lugha yetu. Picha zetu zilikuwa nyeusi na nyeupe, nyingi za vitambulisho, na siku za Jumamosi za maharusi. Ndani ya kopo la biskuti aliweka vioo vya mviringo vya rangi: njano, chungwa, nyekundu, kijani na buluu. Ndizo filta, lakini yeye aliziita miwani ya kamera. Ya njano ilikuwa ya kuonyesha mawingu juu ya ziwa. Nyekundu aliitumia kwa bibi harusi mwenye chunusi, na chunusi zilipotea. Nilikuwa nimemwona akizifunga na kuzifungua miaka miwili bila kuuliza chochote. Sasa nilimuuliza inakuwaje kioo cha rangi kibadilishe picha isiyo na rangi.

"Rangi yenyewe huwezi kuiona," alisema. "Unaona kile imezuia."

Nilirudia maneno hayo moyoni mpaka jioni. Kesho yake nikamuuliza kama jua nalo lina miwani yake.

"Jua? Hiyo itachoma pazia la kamera. Halafu itakuchoma wewe. Jicho halina spea, mama."

Lakini sikuacha, na baada ya siku tatu alikubali. Kila filamu ya vitambulisho ilikuwa na nafasi nne au tano zilizobaki mwishoni, na hizo akanipa. Akanipa pia lenzi ndefu aliyoinunua kwa mwalimu mmoja mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Aliweka masharti mawili: kazi ya wateja kwanza, na nisiweke jicho kwenye kamera hata siku moja ikiwa imeelekea jua.

"Sasa nitalengaje?"

"Angalia kivuli chake."

Ndivyo nilivyojifunza. Ukishika lenzi ndefu juani, kivuli chake kinalala chini kikiwa kirefu kama chupa. Unaigeuza polepole, kivuli kinafupika, kinafupika, mpaka kinabaki duara tu. Hapo lenzi inalitazama jua sawasawa na wewe umelipa kisogo. Unabonyeza.

Kitu cha kwanza nilichoweka mbele ya lenzi kilikuwa taka za studio. Wateja walikuwa na tabia ya kufungua kamera nyuma ili waone kama picha zimeingia. Tukisafisha filamu hiyo, inatoka nyeusi tii kutoka mwanzo hadi mwisho, na sisi tunasema imeungua. Nilikata vipande viwili vya filamu iliyoungua, nikavipanga kimoja juu ya kingine ndani ya fremu ya katoni, nikaifunga kwa utepe wa gundi. Filamu iliyounguzwa na jua ikawa ngao yangu dhidi ya jua. Picha ya kwanza ilitoka kama mandazi: duara jeupe, laini, bila ukingo wowote wa maana. Nikajaribu picha ya eksirei ya jirani yetu, nikapata jua lenye ubavu wa binadamu katikati.

Mzee akaniambia nitafute kioo cha welda. Nikaenda Kibuye, upande ule wa mafundi wanaotengeneza majiko na mageti. Fundi mmoja ambaye kwao kulikuwa karibu na kwetu alinijua kwa jina la nyumbani tu, yaani binti wa Uyoma.

"Nyar Uyoma! Unataka kuchomelea nini?"

"Sichomelei. Nataka kupiga jua picha."

Akazima mashine yake ili wenzake wasikie vizuri. "Jameni! Sisi mafundi ndio tunaitwa jua kali. Miaka yote hii hakuna mtu amekuja kutupiga picha. Huyu anaenda kupiga ile ya juu!"

"Ile ya juu hailipi kodi ya soko," mwingine akasema. "Hiyo ndiyo yenye pesa."

Walicheka mpaka mwanamke aliyeuza mitumba jirani akaja kuuliza kuna nini. Lakini fundi alinipa nusu ya kioo kilichovunjika, cha kijani kizito, ambacho ukikiweka mbele ya dirisha huoni dirisha. "Ukiipata," alinisindikiza, "iambie ipunguze."

Ilikuwa Machi, na Machi kwetu jua la saa sita linasimama utosini. Kulipiga picha saa hiyo ni lazima ulale chali. Jumapili moja nilitandika mkeka uani, nikalala, kamera juu ya kifua, mdogo wangu akisimama pembeni kuniambia kivuli cha lenzi kinavyokwenda juu ya blauzi yangu. Watoto wa ploti, wa vyumba vya jirani, walikusanyika wakaanza kuimba, "Jachieng'! Jachieng'!" Kwa Dholuo chieng' ni jua, kwa hiyo jachieng' ni mtu wa jua. Jina nililipenda. Lakini liko neno jingine, jachien, ambalo ni pepo mbaya, na kati ya hayo mawili kuna sauti moja ndogo tu ya puani. Ukuta wa mabati unaweza kuimeza.

Haukupita muda, mama wa nyumba ya tatu akaingia uani na wanawake wawili wa kanisa lake, Biblia mkononi.

"Tumesikia," alisema kwa upole. "Watoto wanasema iko jachien hapa."

"Ni jachieng', Mama. Chieng'. Ile inayokausha nguo zako."

Aliangalia mkeka, akaangalia kamera iliyofungwa kioo cha welda kwa utepe, akaniangalia mimi nilivyolala. "Sasa mtoto wa watu analala chini saa sita, jua yote hii, na chuma kwa kifua, anaangalia juu. Na hutaki tuombe?"

"Ombeni tu, Mama," mdogo wangu akajibu, akiuma mdomo asicheke.

Waliomba, tena kwa sauti. Nilifumba macho nikiwa bado nimelala, kwa sababu kivuli kilikuwa duara kamili na sikutaka kukipoteza. Waliposema amina nilibonyeza.

Nilikuwa na daftari. Kila picha niliandika kioo gani, filta gani, saa ngapi. Kioo cha welda peke yake kilitoa jua lenye ukingo unaotetemeka kidogo. Nikafunga filta nyekundu juu yake, na filamu ikatoka tupu kabisa. Nilidhani nimesahau kufungua lenzi. Mzee alicheka. "Kioo ni kijani, kimezuia nyekundu. Nyekundu imezuia kijani. Sasa nini imebaki?" Buluu ilinipa kitu kama taa ndani ya moshi. Lakini njano! Njano ilitoa ukingo uliokatwa kama wa sarafu. Mzee alinieleza kwamba lenzi ya zamani haiwezi kuzikusanya rangi zote mahali pamoja, kila moja inatua kivyake, ndiyo maana ukingo unatetemeka. Ukizuia baadhi, zinazobaki zinatua vizuri. Nilitembea kutoka mjini mpaka nyumbani nikiwaza jambo hilo. Kuona vizuri kwa kuzuia.

Kisha likaja doa. Nilikuwa nimepiga nafasi nne za mwisho za filamu moja: kioo peke yake, njano, chungwa, kijani. Nilipoichapa ya njano na kuitia katika dawa, jua lilianza kutokea kwenye karatasi, na karibu na katikati kulikuwa na nukta nyeusi, ya mviringo, safi. Nikachapa zile tatu nyingine. Hazikuwa na kitu. Nikakaa kwenye kigoda cha chumba cha giza nikajijibu mwenyewe: basi madoa haya yana rangi yao, na njano ndiyo inayoyafichua. Kama nyekundu inavyoficha chunusi, njano inafichua doa. Ilikuwa na maana kabisa. Niliona fahari kwamba nimeligundua bila kuambiwa na mtu.

Mdogo wangu alipoiona alipiga kelele, "Uwi!" akaikumbatia picha ikiwa bado na unyevu. Aliibandika kwenye karatasi ngumu, akaandika chini kwa herufi kubwa: DOA LA JUA. LINAONEKANA KWA FILTA YA NJANO PEKE YAKE. Kesho yake aliipeleka darasani. Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliitundika ukutani, akawaambia wengine wajifunze kwa huyu.

Baada ya siku nane, bwana mmoja alirudi studio na picha zake za kitambulisho, amezishika kwa vidole viwili kama kitu kinachonuka.

"Nyinyi mmeniweka nini hapa?"

Kwenye paji la uso wake kulikuwa na nukta nyeusi, ya mviringo, safi.

"Labda ni alama yako ya kuzaliwa, Bwana," nikasema.

"Mimi nimezaliwa miaka arobaini na mbili iliyopita. Hii alama imezaliwa lini?"

Mzee alichukua filamu ya bwana huyo akaiangalia kwa kioo cha kukuza. Hakuniangalia aliponiuliza, "Uligonga tangi?"

Filamu husafishwa ndani ya tangi dogo lililofungwa. Ukishamimina dawa, unaligonga tangi mezani mara kadhaa ili mapovu yaliyong'ang'ania filamu yaachie. Povu likibaki, dawa haifiki pale, na mahali pale patatoka peusi kwenye picha. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza kabisa studio. Ile siku nilikuwa na haraka ya kuliona jua.

"Niligonga kidogo," nikasema.

Bwana alipokwisha kupigwa picha upya na kwenda zake, nilitafuta mwisho wa filamu ile ile. Jua langu lilikuwa nafasi tatu tu baada ya paji lake. Niliweka kioo cha kukuza juu ya moja, kisha juu ya jingine. Duara lile lile. Jua na bwana yule walikuwa na doa la namna moja, na yote mawili yalikuwa mapovu yangu.

Nilimwambia mdogo wangu jioni hiyo, kabla hajafungua vitabu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani anajua?" akauliza.

"Mzee. Na mimi. Na sasa wewe."

"Mzee si mzazi shuleni. Nyamaza tu, Dada. Iko ukutani, mwalimu ameikubali."

"Siyo jua. Ni povu."

"Afadhali usingeniambia!" Akageukia ukuta. "Unajua itakuwaje nikisimama pale niseme nilidanganya?"

"Hukudanganya. Mimi nilikosea."

"Wao hawatajua hiyo tofauti."

Nilimwambia tu kwamba zimebaki siku tisa, na kwamba nitapiga tena kila jua litakapotoka. Kuhusu kusema, meza ni yake, ataamua. Niliona vigumu kuliko yote kumwachia hilo. Nilikuwa nimezoea kuamua kwa ajili yetu sote, lakini pale mbele ya darasa nisingekuwapo kila siku.

Kisha mvua ikaanza. Asubuhi mawingu yalishuka kutoka vilima vya Nandi, mchana yakatoka ziwani, na mimi nilipanda ngazi ya paa la studio mara tano au sita kwa siku na kamera ndani ya mfuko wa plastiki. Mzee alikuwa akiniita kutoka chini, "Mteja!" nami nateremka. Wakati huo wa kungoja nilifikiri sana. Nilijiuliza nilikosea wapi hasa, maana kutogonga tangi lilikuwa kosa la mikono tu. Kosa kubwa zaidi ni kwamba niliona kitu katika picha moja kati ya nne, nikatafuta sababu ya kukiamini badala ya kuuliza kwa nini zile tatu zimekikataa. Nikaandika kwenye daftari: doa ambalo rangi moja tu inaliona si doa mpaka rangi nyingine zikubali.

Jumatano, siku mbili kabla ya siku ya sayansi, mawingu yalifunguka saa nne asubuhi. Nilipiga tano. Kioo cha welda peke yake. Kioo na njano. Kioo na kijani. Kioo na chungwa. Kwa ya tano niliondoa kioo kabisa, nikaweka filamu zangu zilizoungua pamoja na filta nyekundu, ili kusiwe hata kitu kimoja mbele ya lenzi kilichofanana na zile nyingine. Niligonga tangi mpaka Mzee akapaza sauti, "Utaitoboa!"

Yalikuwa mawili. Hayakuwa mviringo wala safi. Moja kubwa kidogo, lenye kingo zilizochanika, na jingine dogo nyuma yake, kama mbegu za ufuta zilizodondoka. Katika njano yalikuwa makali, katika nyekundu na filamu iliyoungua yalikuwa na ukungu. Lakini yalikuwapo katika zote tano, mahali pale pale. Mzee alizipanga mezani, akaziangalia muda mrefu, kisha akavua miwani yake akaipangusa.

"Miaka yote hii nimefunga miwani kwa kamera," alisema. "Sikuwahi kufikiria kuinua juu."

Alhamisi jua lilichungulia dakika chache. Nilipiga mbili. Madoa yalikuwa yamesogea, kidogo tu, kuelekea ukingoni.

Ijumaa nilivaa gauni langu la kanisani nikaenda shule kama mzazi. Langoni msichana aliyeandikisha wageni aliniangalia mara mbili, kwa sababu nilikuwa namzidi miaka michache tu, kisha akanipa kalamu. Mdogo wangu alikuwa kwenye meza yake, na picha zilikuwa zimefunikwa kwa kitambaa. Hakuwa ameniambia ameamua nini, nami sikuwa nimemuuliza.

Mwalimu wa fizikia alifika na wazazi wanne na kundi la wanafunzi nyuma yake. "Huyu," aliwaambia wageni, "ndiye mwenye doa la njano. Waonyeshe."

Mdogo wangu akatoa kitambaa. Picha ya kwanza kushoto ilikuwa ile ile ya mwanzo, na chini yake yale maandishi makubwa yalikuwa yamekatwa kwa mstari mmoja.

"Hii siyo doa, mwalimu," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba. "Ni povu. Ilikuwa kwa filamu, siyo kwa jua."

"Povu ya Omo!" msichana mmoja akasema nyuma, na kicheko kikapita chumba kizima. Nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili. Mdogo wangu aliwaacha wacheke mpaka wakamaliza. Sikuwa nimemfundisha hilo.

"Na hizi nyingine?" mwalimu akauliza. Hakuwa anatabasamu. "Leo unaniambia ile ilikuwa povu. Nitajuaje kama hizi nazo si povu?"

"Ile ya kwanza ilionwa na njano peke yake. Hizi zimepigwa kwa miwani tano, na hii ya mwisho hata kioo ni kingine. Povu haiwezi kukaa mahali pamoja kwa picha tano." Akavuta zile mbili za Alhamisi mbele. "Na hizi ni za jana. Madoa yametembea. Kitabu kinasema yanatembea."

Mwalimu aliinama. Alipima kwa rula umbali kutoka doa hadi ukingo kwenye picha ya Jumatano, kisha kwenye picha ya Alhamisi, kisha akarudi ya Jumatano. Wazazi walianza kusogea kwenda meza ya pili, ambako wasichana wawili walikuwa wakitengeneza sabuni. Yeye alibaki. Mwishowe akaniangalia mimi, si mdogo wangu.

"Wewe ndiye mpiga picha?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kesho likitoka, unaweza kupiga tena? Nataka kujua yatafika ukingoni lini."

Nilimgeukia mdogo wangu, kwa kuwa meza ilikuwa yake. Alikuwa ameshachukua penseli, anachora duara kwenye karatasi mpya.

"Atapiga," alimjibu. "Lakini mimi ndiye nitagonga tangi."